Chumvi Iliyokataa Kuamka

S.L.P. 114
Jumapili, tarehe 14 Juni

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti lako limepata nafuu. Sisi hatujambo. Mama anaoka mikate kama kawaida, na tangu nimalize shule mimi ndiye msaidizi wake.

Zile chupa ishirini za chumvi ya kuhifadhi joto ulizotutumia kutoka kiwandani kwenu nilizipanga karibu na tanuri, kama ulivyoelekeza. Mchana joto huiyeyusha chumvi. Jioni tunazihamishia chumba cha kuumulia unga, nayo ikiganda usiku hulirudisha lile joto. Jiko la mkaa lililokuwa likikipasha joto chumba hicho tumelitoa, na Mzee Hamira, mwokaji wetu, ameacha kukohoa mpaka machozi. Lakini Mama alinipa wiki moja tu: unga ukigoma kuumuka, jiko linarudi.

Mjomba, Jumatano nusura niharibu kila kitu. Niliona unga mweupe umetuama ndani ya chupa, kwenye kitako, nikadhani ni uchafu. Nikaichuja chumvi yote kwa kitambaa ingali maji. Chupa zikang'aa, nami nikajisifu kimoyomoyo.

Alhamisi asubuhi madonge yalikuwa bapa kama sahani. Chupa zilikuwa baridi, na chumvi bado maji.

“Kimya,” Mzee Hamira akaniita kwa jina, “chumvi yako ina haya kama wewe?”

Mama akaenda kulichukua jiko. Unanijua, si msemaji. Lakini nilisimama mlangoni nikamzuia: “Mama, ngoja. Kama haijaganda, joto lake bado limo ndani.”

Nikakumbuka ule unga niliouchuja, nikatoa chembe yake kavu kwenye kile kitambaa, nikaidondosha ndani ya chupa moja. Fuwele zikatambaa toka juu hadi chini, na chupa ikapata joto mikononi mwangu. Nikampa Mama. Aliishika, akarudi ndani. Mzee Hamira akaanza kufungua vifuniko vingine.

Mikate ilichelewa kwa muda wa saa mbili, ila iliisha yote. Ule unga mweupe nimeurudisha katika kila chupa. Kumbe ndio unaoiamsha chumvi. Kosa ni langu, sikuuliza. Sasa nauliza: tukiongeza chupa kumi, zitatosha kwa chumba cha pili?

Wiki imekwisha leo. Jiko liko uani, Mama amepanda vitunguu ndani yake.

Nisalimie mkaza mjomba, na Bibi mwambie kikohozi cha Mzee Hamira kimepona. Mungu akupe afya na goti la kukuleta huku.

Mpwa wako akupendaye, na siku hizi anayesema,
Kimya