Matone Matatu ya Rangi, Moja la Tapentaini

Malindi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua kwetu Bungoma hatuamkiani hivi, lakini huku Pwani mtu mzima hapitwi bila shikamoo, nami ulimi umeshazoea. Goti lako linaendeleaje? Na mahindi, yameshika au mvua imewachezea tena? Mimi ni mzima. Bado naishi mtaa wa Kisumu Ndogo, chumba kilekile, joto lilelile.

Nasikia umeambiwa nimeacha hoteli, sasa napaka rangi nyumba za watu. Si hivyo, Mama. Simu hukatika kabla sijafika popote, basi nimeona nikuandikie.

Wageni walipopungua, hoteli ilitupunguza na sisi. Nilifua nguo za watu wiki kadhaa, hadi jirani yangu akanipeleka kwa Mwalimu Abeid, mzee wa mji wa kale aliyefiwa na mkewe, kisha akapatwa na kiharusi. Kazi yangu ni kumpikia, kumshika akitembea, na kumhimiza afanye mazoezi ya mkono wa kulia, ambao ulikuwa umelala kabisa. Daktari alimpa mpira wa kufinya. Aliutupa uani. "Mimi si mtoto mchanga," alisema.

Binti yake Zuhura, anayeishi Mombasa, aliniambia waziwazi: mkono usipoonyesha dalili kufikia mwisho wa mwezi, atamchukua baba yake akae naye. Mzee hataki hata kusikia habari ya kuhama. Na mimi ningebaki bila kazi.

Siku moja nikifagia chini ya kitanda nikakuta maboksi ya ndege ndogo za plastiki. Zinaunganishwa kipande kwa kipande kwa gundi, halafu zinapakwa rangi. Kumbe ndiyo yaliyokuwa mapenzi yake tangu alipostaafu. Ndege moja ilikuwa imekamilika, imebaki rangi tu. Nikaona macho yake yanaifuata. Lakini rangi kwenye vichupa zilikuwa zimeganda kama asali ya zamani.

Nikataka kumfurahisha. Nikaenda dukani nikanunua thina, ile ya mafundi wa magari, nikaimimina kwenye rangi bila kipimo, nikapaka bawa moja. Mama, plastiki ilianza kulainika mbele ya macho yangu! Bawa likajikunja kama jani lililopitishwa motoni. Nikampelekea.

"Mwalimu, nisamehe. Bawa imeharibika."

Aliligeuza kwa mkono wa kushoto. Nilijua nimefukuzwa.

"Limeharibika," akasema. "Bawa limeharibika. Wewe shule ulikwenda kufanya nini?"

Nikashindwa kujizuia, nikacheka huku nalia. Naye akatabasamu upande mmoja wa mdomo, ule unaomtii.

Kesho yake akanituma nikanunue tapentaini, bomba la sindano lisilo na sindano, na vizibo vya soda vya kuchanganyia. "Rangi hizi haziwezi ile thina kali," alisema. "Matone matatu ya rangi, moja la tapentaini. Koroga. Kwa brashi yataka iwe kama tui la kwanza. Ikiwa kama tui la pili, umezidisha." Tulifungua madirisha yote kwa sababu ya harufu. Kila mchanganyiko tuliujaribu kwanza kwenye kijiko cha plastiki, tukaandika daftarini.

Siku ya tatu nikajifanya sijui kuhesabu matone. Nikamwekea bomba katika mkono wa kulia, nikaushika kwa chini. "Bonyeza wewe, Mwalimu, mimi nakosea." Alijua hila yangu, lakini alikubali. Kidole gumba hakikusogea. Wala siku iliyofuata. Siku ya sita likatoka tone moja, tukalitazama wote wawili kama watu walioona mwezi umeandama.

Mwisho wa mwezi Zuhura alikuja na begi tupu la kumfungia baba yake nguo. Mwalimu akamwambia, "Kaa hapo kwanza." Akashika bomba mwenyewe. Rangi, moja, mbili, tatu. Kufika kwenye tapentaini mkono ukamruka, ikamwagika yote mezani. Zuhura akainuka kumsaidia.

"Kaa, mwanangu."

Akaanza upya. Safari hii tone lilidondoka palepale kwenye kizibo. Akakoroga polepole, akapaka mkia wa ndege. Mstari ulipinda, lakini rangi ilitulia laini, haikutiririka.

Zuhura akalikunja begi lake tupu. Kisha akanigeukia: "Dada Nekesa, utaweza kukaa naye mwaka huu wote?"

Nimekubali, Mama. Mwezi wa likizo nimepewa ruhusa ya kuja nyumbani, na nikirudi huku nitakuja na mwanangu Nafula. Mwalimu amesema atamfundisha Kiswahili kabla hajajifunza changu.

Nisalimie Baba, umwambie asibebe magunia peke yake. Msalimie kaka Wafula na mkewe, na shangazi aliyenisukia nywele siku ya safari. Nafula mkumbatie hadi alalamike.

Ni mimi binti yako anayekupenda,
Nekesa

Mama Nekesa, assalaam alaykum. Nimeomba kalamu niandike mwenyewe. Mistari miwili hii imenichukua tangu alasiri hadi adhana ya magharibi. Umelea vyema.
Abeid