Mpagazi Mmoja

Jumanne, Novemba 1995

Hasira bado haijaniisha. Kutwa nzima nimeshinda maktabani na shajara ya yule afisa wa jeshi la Malkia Viktoria, ninayeandika tasnifu juu yake. Kwa kriketi hachoki: kurasa mbili nzima, kila mpira alioupiga, kila mchezaji kwa jina lake. Chini kabisa, mstari mmoja: "Mpagazi mmoja amefariki njiani. Joto kali."

Nikamsomea Rehema, ninayekaa naye hapa mtaa wa Phillips, nikitaka anisaidie kumlaani. Yeye akaendelea kumenya vitunguu.

"Na yule mzee wenu wa kazini," akasema, "wewe uliandika nini?"

Nikafunua kurasa za Januari za shajara yangu hii. Mzee yule tulikuwa tukisafisha naye ofisi kule Plymouth. Siku yangu ya kwanza alinitoa mikono mfukoni, akanivisha glavu zake. Alipofariki niliandika hivi: "Mzee wa kazini amefariki. Theluji nyingi, basi limechelewa."

Nimekaa na kalamu tangu magharibi, nataka walau leo niliandike jina lake.

Glavu ninazo bado. Jina sikuwahi kumuuliza. Nilimwita Mzee tu, naye akaitika.