Dhambi ya Kupanda Ndege

Jumapili, 10 Agosti 2025

Ameziondoa. Zote! Nimetoka kuchuma mboga za chinsaga nyuma ya nyumba, naingia sebuleni, ukuta uko uchi. Misumari tu. Picha za safari zetu — Kairo, Istanbul, Bangkok, Bergen, kila moja — Machogu amezitia kwenye gunia la mbolea na kuliegemeza stoo, karibu na majembe.

Nikamwuliza, Mzee, kuna nini? Akasema anataka kupaka rangi. Rangi! Mtu ambaye mlango wa choo umeng'oka tangu Aprili na hajaugusa. Nikamwuliza hiyo rangi iko wapi. Akasema ataagiza. Alikuwa akijibu huku anaangalia dirisha.

Miaka thelathini na tisa nimeishi na mtu huyu. Akidanganya najua hata akiwa amenipa mgongo.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimejua. Wala si yeye aliyeniambia. Ni Phanice, mke wa kaka yake, ndiye aliyepayuka mbele ya watu kwenye kituo cha kupimia majani chai. "Hongera Mwalimu! Tunasikia Mzee wako atakuwa mzee wa kanisa. Lakini kwanza Sabato hii atoe ushuhuda, atubu ile mambo ya ndege."

Ile mambo ya ndege! Kikapu nusura kinitoke mkononi. Kila mtu kwenye foleni alijua, mimi peke yangu ndiye mgeni.

Niandike wazi, maana hasira ikikaa tumboni inaoza. Machogu alikuwa fundi wa ndege Nairobi. Mimi nilifundisha Kiswahili shule ya msingi, Embakasi. Mfanyakazi wa shirika la ndege hupewa tiketi kwa bei ya kutupa, yeye na mkewe. Sharti ni moja: unapanda kiti kikibaki. Mnasimama langoni mmevaa kama watu wa harusi, suti na tai, mnangoja abiria waliolipa waingie wote. Kisha mnaitwa. Au hamwitwi, mnarudi kuketi. Likizo zangu za Agosti na Desemba ziliisha hivyo. Nchi thelathini na moja! Chakula tulibeba kutoka nyumbani: karanga, unga wa wimbi, birika la umeme. Uji nimeukoroga kwenye vyumba vya hoteli za kila aina, tena na kijiko cha kuazima.

Sasa hiyo ni dhambi gani? Amri ya ngapi?

Jumatano, 13 Agosti

Nyasani amekuja. Kaka mkubwa wa Machogu, mumewe Phanice. Ameketi kwenye kiti changu bila kukaribishwa, mimi nikiwa jikoni, mlango wazi, wala hakujali kushusha sauti. Kanisa haliwezi kumpa ofisi mtu aliyekula dunia peke yake. Pesa za zile tiketi zingesomesha watoto wote wa boma hili mpaka chuo. Kisha hii: "Nyinyi mlizunguka dunia kama mbuzi imekata kamba. Sasa mmezeeka ndio mnakumbuka nyumbani?"

Nikangoja Machogu aseme. Neno moja tu: kaka, hatukulipa chochote cha maana. Akakohoa.

"Ni kweli," akasema. "Nilipotea."

Nyasani alipovuka tu lango nikamvamia Machogu. Kwa nini hukumwambia? Ndipo ikatoka, kidogokidogo, kama jino. Kumbe miaka yote ile, kila tuliporudi, alikuwa akiwaambia ndugu zake kwamba amelipa! Tena bei alitaja. Bangkok? Hiyo ni ng'ombe wanne, wa gredi, wale wa maziwa mengi. Istanbul? Watatu na ndama. Alijisifu hapo sebuleni kwa mama yake, chai inapita, wanaume wanatikisa vichwa. Mimi nilikuwa jikoni na wanawake, nikikuna sufuria.

Sasa akisema zilikuwa karibu bure, ataonekana mwongo. Na mbaya zaidi kwake, ataonekana mtu mdogo. Afadhali awe mwenye dhambi mkubwa! Mwenye dhambi mkubwa huitikiwa amina. Aliyesimama langoni na tai shingoni akingojea kiti cha masalio — huyo atachekwa mpaka sokoni Nyaramba.

Majivuno yawe yake, toba iwe yetu? Sitaki. Nimemwambia sitaki.

Alhamisi, 14 Agosti

Sijampikia. Amechemsha ndizi mwenyewe, zikaungua. Sufuria yangu!

Anazungukazunguka kwenye majani chai akifanya mazoezi ya ushuhuda wake. Akiniona ananyamaza na kujifanya anang'oa magugu. Phanice amepiga simu kuuliza Sabato nitavaa nini. Nimemwambia nitavaa hasira.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimeenda Kisii mjini, kwa Ruqiya, kabla sijamrushia mtu mwiko. Ruqiya ana duka la vitambaa karibu na msikiti, na tumekuwa marafiki tangu turudi kuishi huku. Alikwenda Makka mara moja. Watu wake wanamwita Hajjat, wanampisha njiani. Mimi nimekwenda thelathini na moja na naitwa Mama Ndege. Hapa kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake. Mimi sikujaliwa mtoto, basi wamenipa ndege, na wakishanipita wanacheka.

Nilipomweleza habari za ng'ombe wanne, Ruqiya alicheka mpaka akafuta macho na mtandio. Kisha akakasirika kuliko mimi. "Mwalimu, toba ni ya mtu na Mola wake. Yeye atubu yake. Ya kwako nani amemtuma abebe?"

Akaniuliza ilianzaje, hii tabia ya kusafiri. Nikamwambia. Sikuwa nimemwambia mtu.

Desemba 1992. Miaka sita ya ndoa, hakuna mtoto. Mama mkwe alikuwa amekwisha kumtafutia Machogu msichana wa Nyamache, mwenye nyonga, alivyosema, na Nyasani mwenyewe ndiye aliyetumwa kuongea habari za mahari. Kikao kilipangwa Krismasi. Mimi nilikuwa nalala nimeangalia ukuta. Jioni moja Machogu akaingia, ovaroli inanuka mafuta ya ndege, akasema, "Bona, funga begi. Wakija hawatatukuta." Tukaenda Kairo! Hatukumjua mtu. Tulikula mkate wa moto barabarani tukicheka kama watoto waliotoroka shule. Tuliporudi msichana alikuwa ameposwa kwingine. Mwaka uliofuata wakaitisha kikao tena. Tukaenda tena. Kila walipotaka kutuketisha, sisi tuko hewani.

Hizo ndizo safari anazotaka kuzitubu. Ruqiya hakucheka tena. Alinishika mkono juu ya kaunta, wateja wakangoja.

Nimefika nyumbani jua linazama, Sabato inaingia. Tumeimba wimbo mmoja, kila mtu na upande wake wa meza. Nikamkumbusha Kairo. Hakuniangalia. Akasema, "Nina miaka sitini na nane. Nikianguka hapo kwenye majani chai nani atanibeba? Wewe? Watoto gani?" Vijana wa boma ni wa Nyasani, akasema. Kanisa likimkubali, kanisa litatuzika sote wawili, wala hatutaombaomba watu wa kushika jeneza.

Jambo hilo linanitisha mimi pia, siwezi kudanganya humu. Lakini kuogopa kaburi ni jambo moja. Kunikana ni jingine.

Jumamosi, 16 Agosti

Mwandiko mbovu leo, potelea mbali.

Alisimama mbele. Alianza vizuri, sauti chini, alikuwa kijana, alipenda dunia, alisahau nyumbani. Nikawa naangalia viatu vyangu na kujiambia, vumilia, Bonareri, itapita. Kisha mzee mmoja akamwuliza: ndugu, ni kitu gani hasa kilikuvuta huko?

Na Machogu — Machogu wangu! — akasema: "Ni bibi yangu. Alipenda sana kutembea. Mimi nilikuwa tu dhaifu, nikamfuata."

Amina! Kanisa zima. Adamu mwenyewe hakulisema vizuri zaidi. Vichwa vikanigeukia, vitambaa vyote, kofia zote. Phanice akanitikisia kichwa kwa huruma. Huruma!

Mimi! Mimi niliyelia uwanja wa ndege Bangkok nikimwomba turudi nyumbani! Tulikuwa tumekwama siku ya tatu, kila ndege imejaa. Kiti kimoja kikapatikana. Kimoja! Nikamwambia nenda wewe, Jumatatu una kazi. Alikuwa ameshapewa kadi ya kupandia. Akamrudishia yule dada wa langoni, akasema, "Sisi ni wawili." Akavua koti la suti akanitandikia sakafuni. Kazini walimpa barua ya onyo na akaja akiionyesha kama cheti. Huyo ndiye dhaifu aliyenifuata?

Nilichukua mkoba nikatoka wimbo ukiwa ubeti wa pili. Nilitembea mpaka nyumbani, mvua ikinipiga njia nzima. Sikulia. Nikaenda stoo nikamwaga gunia, nikarudisha picha ukutani moja baada ya nyingine. Msumari uliolegea niliugonga kwa jiwe, nyundo sikuiona. Siku ya Sabato! Mungu ataelewa, aliniona Bangkok.

Machogu amerudi jioni. Ameangalia ukuta. Amelala kwenye kochi, nami sikumpelekea blanketi.

Jumapili, 17 Agosti

Wamekuja. Wazee wanne, na Nyasani wa tano, kuniombea. Wako sebuleni. Nasikia mmoja anamwuliza mwenzake kama ile nyeupe kwenye picha ni theluji kweli au ni povu. Mimi niko jikoni, chai iko motoni, naandikia kwenye meza ya mboga maana nisipoandika nitapiga kelele.

Mpango wao ni huu, Nyasani ameutangaza akiwa hata hajaketi: niingie, nipige magoti, nitamke kwamba natubu hizo safari. Hapo Sabato ijayo Machogu awekewe mikono. Nisipotubu, basi. Nyumba imegawanyika haiwezi kutoa mzee wa kanisa. Ndivyo alivyosema, na wale wengine wakaguna kukubali.

Machogu amekuja mlangoni. Macho mekundu, kochi halikumpa usingizi. Ananong'ona.

"Bona, nisamehe ya jana. Nilishikwa na woga, nikatupa neno. Lakini sasa ni amina tu. Neno moja. Wanangoja."

Nimemwambia sawa. Nitapiga magoti. Ila kwanza nitajie nchi moja. Moja tu kati ya zote, ambayo wewe mwenyewe, moyoni mwako, unatamani tusingekwenda. Itaje, nami nitaingia pale niitubu hiyo kwa sauti, mpaka Phanice asikie kwake.

Amecheka kidogo. Ameona ni rahisi.

Ameegemea fremu ya mlango. Amekuna kidevu. "Warsaw," amesema.

Warsaw! Haya. Ni kweli, Warsaw ilikuwa mbaya. Begi lilipotea. Baridi ya kukata masikio. Tuligombana barabarani nikamwita mpumbavu kwa Ekegusii, wapita njia wakasimama kutazama. Kama ni lazima itubiwe moja, iwe hiyo. Nimefungua leso ya kiunoni, nimeshika kalamu tu nimalizie mstari huu niende. Ahadi ni deni.

"Ngoja," amesema. "Si Warsaw ndio kuna yule nyanya mzee, muuza viazi?"

Ameendelea mwenyewe.

"Alikuwa anachoma pale karibu na stesheni. Akatoa glavu zake akakuvalisha. Wewe ukalia. Halafu tukaanza kucheka, hata sijui tulikuwa tunacheka nini."

Nimemwambia taja nyingine basi. Zimebaki thelathini.

Amefungua mdomo. Ameufunga. Chai imefurika, imemwagikia moto, hakuna aliyeigusa. Amevuta kigoda ameketi karibu na magoti yangu, na midomo inacheza, inacheza, lakini hakitoki kitu. Halafu anatikisa kichwa. Anaanza tena.

"Machogu!" Nyasani anaita kutoka sebuleni. "Huyo mama anakuja ama hakuji?"

Hajaitika. Naandika huku namwangalia. Jasho linamtoka.

Nyasani ameita tena. Machogu amenyoosha mguu, amesukuma mlango wa jikoni, umejifunga.

Bado hajataja.