Mto Ndani ya Bomba

Baba Nassor,

Assalaam alaykum, wewe na ile ndoo iliyo chini ya sinki letu. Natumai haijafurika.

Baridi ya London inanigonganisha meno, lakini leo nimeona kitu nikakukumbuka, fundi bomba wangu. Dada Zuhura alinipeleka stesheni ya treni za chini ya ardhi, akanionyesha bomba kubwa la chuma lililopita juu ya vichwa vya abiria. "Huo ni mto," akaniambia. Nikamwambia asinifanye mjinga. Akaapa wallahi: ni mmoja katika mito midogo inayomwaga maji yake Mto Thames. Walipojenga reli waliukuta njiani, wakautia ndani ya bomba, ukapita juu kwa juu.

Niliacha treni tatu zinipite nikitafuta linapovuja. Kavu! Mto mzima, Baba Nassor, na wewe bomba la jikoni, jembamba kama kidole, linakushinda tangu Nassor yumo tumboni, na sasa yuko darasa la tano. Nikaanza kuipanga kadi hii kichwani, nikucheke kwa raha zangu.

Mara tone likaniangukia puani. Nikapiga kigelegele, watu wakageuka. Dada Zuhura anasema ni mvua tu, eti paa lina uwazi. Huenda.

Lakini mafundi wenzako wakikuuliza, waambie tone lile ni la mto, na mkeo ni shahidi.

Na ndoo usiiondoe. Nikiisikia inalia to, to, nitajua nimefika nyumbani.

Mama Nassor