Visahani Viwili Kwenye Kaburi Lisilochimbwa

Mama Fransiska mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba unijibu kabla ya mwisho wa mwezi huu, maana wakishazika sitakuwa na cha kuuliza tena, nitakuwa nimeshatia udongo kwa mkono wangu mwenyewe.

Mimi ni mke wa Aminiel, ambaye alipotea, huu ni mwaka wa tatu. Naishi Engutoto ila kwao ni kule juu mlimani, upande wa kwenda Momela, kwenye kihamba cha kahawa na migomba. Alitoka asubuhi na pikipiki kwenda kazini kwenye loji, na pikipiki ikakutwa kando ya barabara karibu na msitu, imesimamishwa vizuri kwenye stendi, helmeti imetundikwa kwenye usukani, funguo ipo, yeye hayupo na mkoba wake haupo. Askari wa hifadhi walitafuta, wanakijiji walitafuta, kuna waliosema nyati na kuna waliosema fisi, lakini Mama, hata kiatu? Hata kifungo? Asubuhi ile hatukuwa tumegombana, tulikuwa tumenyamaziana tu, na nimelia mpaka macho yakawa yanauma nikifumba.

Sasa ukoo umeamua azikwe. Kwa vile mwili haupo, shemeji yangu Emmanuel, kaka yake mkubwa, amesema ukatwe mgomba, uvalishwe suti yake ya harusi, uwekwe kwenye jeneza na uzikwe kihambani, ili mama yao apate kupumzika. Mchungaji amesema mgomba yeye hauombei, ila familia ataiombea. Nikakubali, nilikuwa nimechoka kuwa si mke si mjane. Wakanipeleka kwenye migomba nisimame karibu na mmoja mmoja niwaonyeshe upi unalingana naye, kwa kuwa mimi ndiye ninayejua bega lake linafika wapi kwangu, nami nikaegemea mmoja, nikaegemea mwingine, kulikuwa na ukungu na majani yanadondosha maji, mpaka nikafika kwenye mmoja nikasema huu. Wakaufunga kitambaa. Na mahali pa kaburi, pembeni ya kahawa, wakapigilia vigingi.

Hapa lazima nikueleze habari za visahani, univumilie, maana bila hivyo utaniona nimechanganyikiwa. Kule loji wageni walikuwa wanacheza mchezo wa kurusha visahani vya plastiki, kama frizbi lakini vidogo na vizito kidogo, unarusha mpaka kiingie kwenye kikapu cha minyororo. Aminiel akajifunza, akanifundisha na mimi, akaenda kwa fundi wa kuchomelea akatengenezewa vikapu kwa rimu za baiskeli, akavisimamisha kihambani, tukawa tunacheza Jumapili tukitoka kanisani mpaka watu wakatucheka. Vile vya kwenda mbali tunaviita dereva. Dereva kikiwa kipya kina tabia yake, nikikirusha mimi wa mkono wa kulia kinanyooka, halafu kikipungua kasi kinakata kushoto kwenda chini, kila mara. Aminiel anatumia mkono wa kushoto, kwa hiyo kwake kinakata kulia. Ila kuna plastiki na plastiki. Ile rahisi inashikika vizuri mkononi lakini ikigonga miti kingo zinalika, na kisahani kinasahau tabia yake, kinaanza kulalia upande usio wake mapema na hakirudi tena. Ile ngumu, inayopitisha mwanga kama kikombe cha plastiki cha chai, hiyo utaigonga kwenye miti mpaka uchoke na itaruka vilevile.

Siku aliyopotea alikuwa na dereva viwili kwenye mkoba, chekundu cha plastiki rahisi ambacho mgeni alimpa juzi yake, kipya kabisa, na cha kijani cha plastiki ngumu, chake cha zamani. Vyote alikuwa ameviandika herufi ya jina lake na ya jina langu.

Mama, asubuhi ya siku iliyofuata baada ya vigingi kupigiliwa, chekundu kilikuwa kimelala katikati ya vigingi. Herufi zipo. Mama mkwe akakiangalia, hakukigusa, akasema, "Amekuja kupima kaburi lake." Mimi nikakichukua kwa siri, nikaenda nacho kwenye uwazi nikakirusha, na kikakimbilia kulia papo hapo, kikaingia kwenye migomba kama kimeitwa. Kingo zimelika kama zimetafunwa. Rangi yake bado ni nyekundu ileile. Sikumwambia mtu kwamba nimekirusha.

Halafu wiki iliyopita tulikuwa tunachuma kahawa, mimi na mama mkwe, alasiri, baridi hii ya mwezi wa saba unaijua, ukungu umeshuka mpaka unaona kahawa, vigingi na migomba ya karibu basi, nikasikia mvumo mdogo juu, ule wa kisahani kikikata hewa, nikainua kichwa na cha kijani kikatokea kwenye ukungu upande wa msituni, juu ya migomba, polepole, kimenyooka, kikatupita juu ya vichwa, halafu kikakata kulia kikashuka kikatua kwenye vigingi. Kumbe nilikuwa nimeshaita, "Aminiel!" Mama mkwe akaniziba mdomo kwa mkono wake unaonuka kahawa mbichi, akasema, "Usimwite kwenye ukungu. Ataitika."

Hicho nacho nimekirusha. Kinaruka kama siku aliyoondoka nacho. Kina mikwaruzo midogo tu, basi. Kimoja kimezeeka kama kimeishi miaka yote hii, kingine hakijazeeka hata siku moja, na viliondoka pamoja. Mama mkwe anasema chekundu ni mwili wake, umechakaa, na cha kijani ni roho, haichakai, vyote vimefika nyumbani kwa hiyo zikeni haraka. Na kila mtu amekubali, na jeneza limeshaagizwa, na mimi nikiingia kihambani nahisi mgongo wangu unatazamwa.

Mama, ni mzimu wa mume wangu? Nikitia udongo atatulia? Na hivi visahani nizike navyo au nifanye nini? Nisaidie, sili.

Ni mimi niliyeuchagua mgomba,
Engutoto

*

Mwanangu uliyeuchagua mgomba, marahaba, na pole. Pole sana. Ipokee hiyo pole yote sasa hivi, maana huko mbele nitakugombeza na sitaki useme sikukuhurumia. Barua yako nimeitanguliza mbele ya za wenzako wenye waume walevi na mawifi wakorofi. Wao wana muda.

Nilipofika pale kisahani kinapotokea kwenye ukungu niliinuka nikafunga dirisha. Naishi Levolosi, dirisha langu linaangalia ukuta wa jirani na kamba ya nguo, msitu uko wapi? Lakini nilifunga. Kwa hiyo usidhani nakucheka.

Sasa tukae tuseme ukweli. Mimi visahani vyenu sivijui, lakini ndoo nazijua, nimezibeba tangu nikiwa mdogo. Ndoo ya plastiki rahisi ukiisahau juani, msimu hauishi imepauka, na mwaka haufiki unaishika mdomo unabaki nao mkononi. Wewe unasema chekundu kingo zimelika na rangi ni ileile. Eti kimelala porini miaka yote hii, jua la kiangazi na mvua za masika zinakipiga, na wekundu wake upo? Thubutu! Kile kimekaa ndani, mwanangu, kivulini, mahali pakavu. Na kimekuwa kikitolewa nje na kurushwa, tena sana, na kugongwa kwenye miti, mpaka kikasahau tabia yake. Maneno hayo ni yako. Mzimu una rafu ya kuwekea vitu? Mzimu unafanya mazoezi?

Na cha kijani hakijazeeka kwa sababu ni plastiki nzuri. Basi! Umenieleza mwenyewe kwamba hiyo unaigonga mpaka unachoka. Mama mkwe wako ni mzazi aliyefiwa na majibu, namheshimu na namwonea huruma, lakini mwili na roho havipatikani kwenye plastiki. Viliondoka pamoja, vikarushwa pamoja, kimoja kikalika na kingine kikavumilia, kama masufuria mawili ya jiko moja.

Halafu kile cha kijani kilikata kulia, kama cha mtu wa mkono wa kushoto. Umeandika na ukapita haraka kama mtu anayepita mbele ya mbwa. Nimemuuliza kijana mmoja anayeucheza mchezo huo, akaniambia hata mtu wa mkono wa kulia anaweza kukifanya kikate kulia, akikirusha kwa mtindo mwingine, kiganja kikitangulia. Kwa hiyo siapi. Lakini wewe hukuhitaji kumuuliza mtu. Ulikiona kinavyoshuka na mdomo wako ukaita jina kabla akili haijakuruhusu.

Hapo ndipo nakugombeza. Wewe ulijua. Ulijua tangu siku ulipokwenda na kile chekundu kwenye uwazi, peke yako, ukakirusha na usimwambie mtu. Mtu hakirushi kisahani cha marehemu kujifurahisha. Uliuliza swali, ukajibiwa, halafu ukachukua kalamu ukaniandikia habari za mizimu, kwa sababu mzimu ungekuwa na nafuu. Mume aliyekufa hakukuacha, alichukuliwa. Lakini kama huyu ni Aminiel na anapumua, na vigingi aliviona vikipigiliwa, basi alikuwa kwenye ule ukungu wakati wewe unasimama kwenye migomba, unaegemea mmoja baada ya mwingine ukitafuta bega lake, na akanyamaza. Hilo ndilo linalokunyima chakula. Hata mimi limeninyima.

Na hayo ya "hatukuwa tumegombana, tulikuwa tumenyamaziana tu", mwanangu, kunyamaziana ndiyo kugombana kwenyewe, ila kwa watu wenye adabu. Sisemi wewe ndiye sababu. Mtu mzima anayeacha pikipiki kwenye stendi na helmeti kwenye usukani ana yake kichwani, ambayo mke hata angeongea asubuhi nzima huenda asingeyafikia. Anaweza kuwa anaumwa akili. Anaweza kuwa anamkimbia mtu. Na inawezekana pia si yeye, ni mtu mwenye mkoba wake, na huyo namuogopa zaidi kuliko mzimu wowote. Ndiyo maana sikutumi msituni. Sikiliza vizuri: usiende juu peke yako, hata ukisikia unaitwa, hata ukiitwa kwa jina alilokuwa anakuita chumbani.

Fanya hivi. Kesho asubuhi mwambie shemeji yako Emmanuel, mbele ya mama yake na mbele ya mchungaji, kwamba hakuna mazishi. Usilie, usieleze sana. Waonyeshe chekundu kinavyoruka, waone kwa macho yao. Watakuambia unawaaibisha, jeneza limeagizwa, watu wameambiwa. Waambie jeneza halina haraka. Usitie udongo. Ukitia udongo wa mtu aliye hai, halafu akatokea kwenye ile kahawa siku umebeba kikapu, utamwambia nini, na yeye atakuambia nini?

Ukitoka hapo nenda kwa mwenyekiti wa kijiji, na naye aende nawe polisi na kwa watu wa hifadhi, faili lifunguliwe upya. Chekundu wapelekee. Kifunge kwenye mfuko na usikirushe tena, maana ni ushahidi. Wao ndio waingie msituni, kwa wingi wao na kwa silaha zao. Na vile vigingi ving'olewe siku hiyohiyo. Kuna mtu anavilenga.

Cha kijani ubaki nacho. Siku watu watakapokuwa wengi kihambani, jua limewaka na ukungu umepanda, simama palepale kilipotua, ukirushe kirudi kilikotoka, kwa nguvu zako zote. Hicho hakijasahau tabia yake, kitafika. Kama huko juu hakuna mtu, kitafunikwa na nyasi na utakuwa umejua. Kama yupo, asikirushe tena. Akilete mkononi, apite getini kama watu, apige hodi.

Na ile suti msiivalishe mgomba. Ipige pasi, itundike mlangoni. Akija ataivaa mwenyewe, na hapo ndipo utakaposimama karibu naye uone kama bega bado linafika pale ulipowaonyesha.