Kozi Niliyoiweka Mwisho

Papa mpendwa,

Ijumaa iliyopita ilikuwa siku ya mwisho ya kusajili kozi za mwaka wa tatu. Nimejisajili, usiwe na wasiwasi. Ila nimekosa mtu wa kumsimulia yaliyonipata, maana Mama nikianza tu kusema analia kabla sijafika katikati, na mimi namfuata. Ndipo nikaona nikuandikie wewe. Najua barua haina njia ya kufika uliko, lakini naandika hivyo hivyo.

Unakumbuka siku nilipokuletea orodha ya kozi kwenye kibanda chako cha kuchomelea mageti pale Katwe? Nilitoka chuoni moja kwa moja, sikupita hata nyumbani Nateete. Nilikukuta umepiga magoti, unapima geti kona kwa kona. Hukuniitikia mpaka ulipomaliza. Ndivyo ulivyokuwa: mtu akikuita wakati unapima, hata awe mwenye geti, angoje. Wateja walinung'unika, lakini hakuna geti lako lililowahi kukwaruza sakafu, isipokuwa lile la yule mama wa Kasubi, ambalo hukupenda tulitaje. Samahani, nimelitaja.

Ulinawa mikono, ukakaa juu ya debe, ukaniambia nisome orodha yote, kozi moja baada ya nyingine, na kila moja nikueleze maana yake. Wakati huo wajomba walikuwa wamekwisha kuja nyumbani kutushauri kwamba mtoto wa mkimbizi akipata ufadhili asome uuguzi, asiichezee bahati kwa vitabu vya Waingereza. Uliwasikiliza kwa adabu, ukawaandalia chai, ukawasindikiza hadi barabarani. Kesho yake ukaniambia nijaze fomu kwa kile ninachokitaka mimi. Sidhani kama ulijua shahada ya fasihi ya Kiingereza ni kitu gani. Ulijua tu kwamba nikiwa na kitabu siitiki nikiitwa, na jambo hilo ulilielewa vizuri.

Nilisoma: utangulizi wa ushairi, tamthilia, riwaya ya Afrika, nadharia ya uhakiki. Ulikuwa unatikisa kichwa tu, kama mtu anayesikiliza bei. Nilipofika kwenye fasihi simulizi, nikakueleza kwamba humo mwanafunzi anakwenda kwa mzee wa kwao, anamrekodi akisimulia hadithi kwa lugha yake, kisha anaiandika na kuitafsiri. Ukasimama.

"Kumbe banatutaka na siye?" ukauliza.

Nilicheka. Kwangu ilikuwa kozi moja kati ya nyingi. Kwako ilikuwa ndiyo sababu ya shahada nzima, na hilo nimelijua nikiwa nimechelewa.

Ukachukua bamba la chuma lililobaki kwenye kazi ya mtu, ukaliegemeza ukutani, ukachora kwa chaki safu tatu, kila mwaka na safu yake. Ulisema geti linaanza na fremu, kwa hiyo kozi za lazima zikae kwanza, ndipo tujue za kuchagua zitaingia nafasi zipi. Hakuna mshauri wa chuo aliyewahi kunipangia vizuri namna ile. Wenzangu walijisajili kwa kufuata marafiki, wakaja kugundua mwaka wa pili kwamba kozi wanayoitaka inadai nyingine ambayo hawakuisoma. Mimi nilikuwa na papa fundi, kila kitu kilikaa mahali pake.

Kilichotugombanisha ni fasihi simulizi. Ilikuwa ya kuchagua, mtu angeweza kuisoma mwaka wowote. Ukataka iingie mwaka wa kwanza. Mimi nikakataa. Wanafunzi wakubwa walikuwa wameniambia mwaka wa tatu ni mzito, kuna tasnifu, kuna nadharia, na mwenye akili hujiwekea kozi moja ya kupumzikia. Na ipi ya kupumzikia kuliko hii, ambayo mzee wangu ninaye nyumbani, nakula naye ugali kila jioni? Nikakuambia wewe huendi popote.

"Hadisi haingojaka mutu, mama," ulisema.

Uliniita mama tangu nizaliwe, kwa sababu ulinipa jina la mama yako. Nikakujibu kwa jeuri ya mtu aliyevaa kitambulisho cha chuo kwa wiki moja: wewe ni fundi wa mageti, mambo ya shahada niachie mimi. Hukukasirika. Uliinama, ukaandika fasihi simulizi kwa mkono wako kwenye safu ya mwisho, chini kabisa, ukapangusa chaki kwenye suruali. Ningekuwa na uwezo wa kurudi siku moja tu katika maisha yangu, ningerudi hiyo, nikunyang'anye ile chaki.

Ukaweka na sheria yako: kila kozi niliyofaulu, utaichomelea nukta moja kwenye bamba, mbele ya jina lake. Chaki inafutika, ulisema, nukta haifutiki. Matokeo yakitoka nilikuwa nakuja Katwe, unanivisha miwani yako nyeusi, unawasha mashine, na Ssalongo wa kibanda cha jirani anaacha kugonga masufuria yake ya kuuza kuja kupiga makofi. Yule Mganda hakujua ushairi ni nini, lakini alizijua nukta zangu kuliko wajomba wote. Nilipoanguka kozi ya tamthilia nilikuomba uweke nukta hivyo hivyo, maana ningeirudia tu na ningefaulu. Nililia, Papa. Ulinipa kitambaa cha kupangusa machozi, chenye grisi, na nukta hukuweka. Ulisema hujawahi kumkabidhi mtu geti ambalo halijafungwa bawaba. Miezi minne baadaye niliifaulu, ukaiweka, nayo ni kubwa kuliko zote.

Sasa nije kwenye ile alasiri ya mwaka wa pili. Umeme ulikuwa umekatika, Katwe yote imenyamaza, mafundi wamekaa vibarazani. Mimi nilikuwa nasomea mtihani kwenye kibanda chako. Wewe, bila mtu kukuomba, ukaanza hadithi ya mama yako. Alikuwako mwanamke mjane, ukasema, mwenye shamba la mtama kilimani. Kila asubuhi kabla ya kulima alilisalimu shamba, nalo linamwitikia. Watu walimcheka. Yeye analisalimu, linamwitikia, wanalima. Na ulisema hadithi hiyo hakuna mwingine anayeijua, kwa sababu mama yako aliitunga mwenyewe, akawa anawasimulia ninyi watoto wake tu. Mpaka asubuhi moja, ukasema, mwanamke akafika, akasalimu, na shamba halikujibu.

Hapo ndipo nilipokukatiza. Nilikuwa na mtihani kesho yake. Nikakuambia: "Papa, niwekee. Nitakuja kuichukua yote mwaka wa tatu, nikurekodi vizuri." Ukasema haya. Ulionekana hata umefurahi, kwamba umeshapata miadi. Umeme ukarudi, ukaendelea na kazi.

Ulianguka wakati wa likizo, asubuhi, chaki mkononi. Presha, walisema hospitalini, na siku ya tatu ukaenda. Sitaandika mengi juu ya siku hizo. Ila nikuambie lililoniumiza kuliko jeneza. Kwenye kilio, mzee mmoja wa kanisani, Mushi wa kabila lako, alinitaka mimi kifungua mimba nisimame niwataje baba zako, ili watu wajue nani anazikwa. Nikamtaja babu. Nikamtaja baba yake. Nikaishia hapo, watu mia wananitazama. Mimi ambaye ningeweza kutaja ukoo wa mfalme wa Uingereza kutoka kwenye tamthilia tulizosoma. Yule mzee alinishika bega, akaniambia nikae.

Basi mwaka wa tatu umefika, na safu ya mwisho nayo. Mshauri wangu chuoni, mama mpole, alikuwa amesikia msiba. Aliniambia bado naweza kubadilisha, niache fasihi simulizi nichukue riwaya ya kisasa, mradi nifanye hivyo kabla ya Ijumaa. Au nitafute mzee mwingine yeyote wa kwetu. Lakini Mama ni Mubembe, lugha yako ya Kishi ilimpita pembeni miaka yote ya ndoa. Shangazi, dada yako, hatujui aliko tangu vita vilipofika kijijini kwenu. Yule mzee wa kanisani anazo hadithi, tena nzuri, na yuko tayari kunipa. Siyo ile. Miadi yangu ilikuwa na wewe.

Alhamisi nikaenda Katwe kwa Ssalongo. Nilikuwa nimekumbuka kwamba mlikaa vibanda viwili jirani miaka kumi na mmoja, na umeme ukikatika ulikuwa unaongea naye. Nikamuuliza kama uliwahi kumsimulia juu ya mwanamke na shamba. Aliweka nyundo chini.

"Nyabo, baba yako arikuwa naongea hiyo ya shamba kira siku," akasema. "Mimi nirikuwa nacheka tu. Sikushika."

Kisha akajaribu. Alianza mara tatu, Papa, na kila mara aliishia kwenye salamu ya asubuhi, akakuna kichwa. Alipoona siwezi kujizuia tena, alinyanyuka akanionyesha bamba. Amelihifadhi nyuma ya masufuria, amelifunika gunia ili chaki isifutike. Nukta zote ziko vile vile, na chini kabisa mwandiko wako, bila nukta. Akaniuliza kama awashe mashine, aniwekee tu ile ya mwisho, nipoe moyo. Nilikataa. Wewe usingeiweka.

Ijumaa nilisimama mbele ya mhadhiri wa fasihi simulizi, fomu mkononi. Ni mtu mkali, hana mchezo. Aliniuliza mzee wangu ni nani. Nikataja jina lako. Akauliza nitamrekodi lini. Nikamwambia nilipaswa kumrekodi muhula huu, na kwamba ninayo nusu ya hadithi, kichwani, haikurekodiwa. Akavua miwani. Halafu akasema niilete hiyo nusu, niandike kama nilivyoisikia, nisiongeze neno, na pale inapokatika niandike ni kwa nini ilikatika na ni nani aliyeikata. Akasaini.

Nimeanza kuiandika. Sentensi ya mwisho ni yako, na chini yake nimeandika kwamba msikilizaji alikuwa na mtihani. Mtihani wenyewe sikumbuki ulikuwa wa nini. Watu wananiambia ningeweza kubuni mwisho, si ninasoma fasihi, vitabu vyote vile nimesoma vya nini? Nimejaribu moja kichwani, Papa, na ulikuwa mwisho mzuri wa Kiingereza, nikaona aibu. Kama nitafaulu, nitamwambia Ssalongo awashe mashine. Kama sitafaulu, patakaa wazi, na watu waone.

Jana baada ya ibada nilikuja kaburini peke yangu. Nilikuwa na daftari. Katika Kishi chako chote nilijifunza kitu kimoja kikamilifu, ile salamu ya asubuhi uliyokuwa unanisalimu nayo kabla ya kwenda kazini, mimi nikikujibu kwa Kiswahili kwa uvivu tu. Nikakusalimu kwa lugha yako, kwa sauti, nikangoja. Nimefika pale pale uliponiachia hadithi, Papa. Mwanamke amesimama asubuhi, amesalimu, na shamba halikujibu.

Pumzika. Kesho asubuhi nitasalimu tena.

Ni mimi mwanao, uliyeniita mama.