Mama, Amani Amenikatalia

Mama,

Tangu tukuzike, nyumba yako ya Mabanga imejaa wajuaji. Mjomba Kambale amekuja kutoka Butembo, na muuguzi wa afya ya akili amepita kupanga jinsi mdogo wangu Amani atakavyotunzwa bila wewe. Haya, vizuri. Lakini wakati tunampangia, unajua Amani alikuwa wapi? Alitumwa kutununulia soda! Maisha yake yanaamuliwa sebuleni, yeye yuko njiani na chupa zetu.

Mjomba alishaamua Amani apelekwe chumba cha maombi, akaombewe huko hadi apone, na akisumbua afungwe kamba. Muuguzi alishaamua sindano. Mimi nami nilishaamua ahamie kwangu Kyeshero, hata pazia nimetundika.

Amani akarudi, akatugawia chupa, akabaki amesimama. "Mama alikuwa ananiuliza wakati niko muzima. Nyinyi mutaniuliza wakati gani?"

"Mugonjwa hapangi, banamupangia," mjomba akajibu.

Nilikukumbuka ukimenya ndizi naye mlangoni, siku zake nzuri, ukimwuliza: ugonjwa ukirudi, unataka tukufanyie nini? Kisha ukamwita jirani yako Mama Zaina ayasikie majibu kwa masikio yake. Na ni Mama Zaina huyo aliyeingia sasa, sauti zetu zimemfikia kwake, akayarudia yote: sindano Amani anakubali, kamba hataki, akianza kukosa usingizi aitwe Mama Zaina kwanza. "Marehemu aliniweka shahidi," akasema. Mjomba akajishughulisha na soda yake. Muuguzi akaanza upya, safari hii akimtazama Amani.

Nikafurahi jamani! Halafu nikamwuliza Amani habari ya kuhamia kwangu Kyeshero.

"Hapana, dada. Nabakia hapa kwa Mama."

Nimekasirika, Mama. Hata wewe nimekukasirikia. Ulimfundisha mtoto kukataa, ukaenda zako, na wa kwanza kukataliwa ni mimi. Nani atajua kama amekula? Nani atamsikia akianza kutembeatembea ndani peke yake? Naogopa, ndiyo maana nafoka hivi.

Basi amebaki. Mama Zaina yuko upande wa pili wa ukuta, nami nitapita kila nikitoka sokoni. Pumzika, Mama, nyumba bila sauti yako siizoei. Nakuahidi sitampangia lolote kabla ya kumwuliza. Na akinikatalia tena, nitanuna njia nzima hadi Kyeshero, lakini si mbele yake.

Binti yako,
Furaha